Jina Ambalo Mamvyala Hakulitaja

Mume wangu alikuwa mtu mzuri, na hilo nalisema kwanza kabisa, nisije nikalisahau nitakapoanza kukasirika. Posho yote aliifikisha nyumbani, hakunipiga, na pombe alikunywa Jumapili tu. Uongo mdogo mdogo hakuujua. Ukiuliza nani amevunja sahani, anakujibu palepale kwamba ni yeye. Alikuwa na uongo mmoja tu maishani, ila ulikuwa mkubwa kuliko nyumba, na mimi niliubebea mimba tatu.

Tulikaa Elisabethville, katika kambi ya kampuni, kwenye zile nyumba za matofali zilizopangwa mistari. Bomba la moshi lilikuwa karibu. Upepo ukigeuka, nguo ulizozianika zinanuka kiberiti na watoto wa mstari mzima wanakohoa. Yeye alikuwa Muluba wa kaskazini, kampuni ilimleta kufanya kazi kwenye tanuru la shaba. Mimi ni mtu wa hapahapa, babu zangu walilima upande wa Kipushi kabla bomba lile halijasimama. Mama yangu alikufa nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo siku zangu za kuzaa sikuwa na mtu wangu wa kunishika mkono.

Mtoto wa kwanza, msichana, aliishi siku nane. Wa pili, mvulana, alifika miezi mitatu, alikuwa ameshaanza kucheka. Wote wawili mume wangu aliwapa majina ya watakatifu, aliyasoma kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kanisa, haraka haraka, akamwambia mupe abatize, basi. Mupe ndiye padri, sisi huku tunamwita hivyo. Mimi nilishangaa, maana Waluba wenzake pale kambini hawakufanya hivyo hata kidogo. Ubatizo waliukubali, lakini kabla ya ubatizo kulikuwa na jina la ndani.

Nieleze, maana vijana wa leo wananiangalia tu nikisema jina la ndani. Kwao mtoto haji mtupu. Kuna mtu wa ukoo aliyekufa anayerudi naye, na jina ni la huyo mtu. Mara nyingine anajionyesha kwa mama katika ndoto. Asipojionyesha, siku ya kuzaa bibi anakaa karibu na mwanamke anayeumwa, anataja marehemu mmoja mmoja, na mtoto anatoka akisikia lake. Baada ya hapo mtoto ni yule mtu. Si mchezo. Jirani yetu mmoja alikuwa na binti wa miaka mitano mwenye jina la marehemu mama wa huyo jirani, na jirani alimwita "Mama" mbele ya watu, na akimkosea anamwomba msamaha. Mimi nilikuwa nacheka mpaka machozi. Mungu anisamehe kicheko kile.

Tulipomzika mtoto wa pili, Jumapili mchana, nilimkuta mume wangu amekaa kwenye ngazi ya mlango, mikono imelegea. Nikamuuliza kwa hasira, maana nilikuwa nimechoka kulia, "Ju ya nini hautumi mukanda kwa mama yako, akupe majina ya bantu yenu? Banakataa aya majina ya karatasi. Hauone?"

Ndipo akaniambia.

Alikuwa na kaka, yaya yake, mtoto wa kwanza wa mama yao. Mume wangu alipopata kazi alimtumia habari aje, kazi ipo. Mama yao hakutaka. Mwishowe alikubali, mume wangu akaenda mwenyewe kumchukua kaka yake, na yule mama aliwasindikiza mpaka njia panda, akamwambia yeye, mdogo: "Wee njo unamukamata. Utamurudisha yee mwenyewe, na mikono yako." Mume wangu akaapa. Yule kaka hakumaliza hata msimu mmoja wa baridi. Kifua kilimbana, akakohoa damu, akafa. Alizikwa kwenye makaburi ya wafanyakazi na kipande cha ubao chenye namba. Mume wangu aliwaambia wenzake ni mtu tu waliyetoka naye njia moja, na kesho yake akaenda kazini. Hakuweka kilio. Angeweka kilio, habari ingepanda treni siku hiyohiyo na kufika kwao. Akaandika mukanda, yaani barua, kwamba yaya amepita mpaka wa Sakania, amekwenda Rodezia kwenye migodi ya Waingereza, anamsalimia mama.

"Na anaendelea kusalimia?" nikauliza.

"Kila mwaka," akasema.

Nilisimama pale nikamtazama baba wa watoto wangu wawili waliokufa, na kwa mara ya kwanza nilimwogopa. Sikumwogopa yeye hasa. Nilimwogopa huyo aliyelala kule chini ya namba bila mtu kumlilia, na mlango pekee aliokuwa nao wa kurudia ulikuwa tumbo langu.

Mimba ya tatu ilipoingia nilikaa kimya miezi minne. Sikuimba, sikushona, sikuchagua jina hata moyoni. Ilipofika mwezi wa sita, mukanda ukaja kutoka kaskazini, umeandikwa na katekista: mamvyala anakuja. Mamvyala ndiye mama mkwe. Alisema amesikia wajukuu wawili wamekufa, na huyu wa tatu atamwita mwenyewe. Mume wangu aliukunja ule mukanda mara nane, ukawa mdogo kama tonge, akauweka mfukoni.

Alishuka kwenye treni mwanzoni mwa Oktoba, joto limekaza na mvua haijaja. Mwanamke mfupi, mkavu, ana kikapu cha samaki wakavu kichwani na chupa ya asali kifuani, ameifunga kwa kitambaa. Nilipiga magoti nikapiga makofi ya heshima. Aliniinua, akaniwekea kiganja tumboni, akatabasamu. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Na yaya yako?"

"Eko ku Rodezia, Mama. Kazi njo inamukamata. Anakutumia salamu."

"Salamu ninazisikia miaka yote. Umuandikie aje. Mutoto akizaliwa, aje amuone." Akaipigapiga ile chupa. "Hii ni yake. Tangu mutoto anapenda asali ya kwetu."

Aliitundika ile chupa kwenye mti wa paa, juu ya meza yetu. Hakuna aliyeonja. Tulikula chini yake wiki tatu, mimi na mume wangu tumeinamisha vichwa.

Kila asubuhi, kabla hata sijanawa uso, mamvyala aliniuliza swali lilelile. "Nani alikuja?" Alitaka kujua ni nani amenitokea katika ndoto. Na kila asubuhi nilimjibu, "Hakuna, Mama."

Nilikuwa namdanganya. Alikuwa anakuja, na hata usiku hakungojea. Nikijilaza mchana, joto likiwa limewanyamazisha watu, namwona mwanaume amesimama nje, ng'ambo ya mfereji wa maji machafu, mwili wote vumbi. Hasemi. Anapiga hatua moja, mguu wa kushoto unaburura, anasimama tena. Anatazama tumbo langu kama watu wanavyotazama ndoo za wenzao kwenye bomba la maji, akingojea zamu. Nikiamka, mtoto alikuwa ametulia tuli tumboni, na nililazimika kumbonyeza ili acheze.

Nilijiambia ni joto. Mpaka siku moja tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, uani, mimi na mamvyala, naye akaanza kunisimulia habari za mwanawe mkubwa, jinsi alivyokuwa mtundu. Alipokuwa mdogo aliangukia jiko, mguu wa kushoto ukaungua, mishipa ikajikunja. "Tangu ile siku anaburura," akasema, akicheka. "Hata aende mbali namna gani, minajua kama ni yee, ju ya ule muguu."

Mchi ukanitoka mkononi. Mamvyala alidhani ni uchungu umeanza, akanikalisha kivulini na kunipa maji. Nikanywa. Ningeweza kumwambia palepale. Sikumwambia. Nilikuwa mwoga, na mwoga hana maelezo mengine.

Jioni hiyo mume wangu aliporudi kazini nilimvuta nyuma ya nyumba. Nikamwambia yaya yake anakuja, nikamwambia na mguu.

"Umuambie mama yako leo," nikasema.

"Nitamuambia. Mutoto azaliwe kwanza."

"Na kama hazaliwe?"

"Sasa unataka niseme nini?" akasema kwa sauti ya chini. "Kwake ule muntu eko muzima. Ukimutaja mu majina ya bale balikufwa, kwake ni kama unamuua wee mwenyewe." Kisha akatoa kikaratasi kwenye mfuko wa shati, akanionyesha. Alikuwa amenakili jina lingine la mtakatifu. Lilikuwa jina zuri. Nilitamani kumla nyama.

Uchungu ulinishika asubuhi, honi ya kazi ya kwanza ikilia, mume wangu akiwa ameshaondoka. Kampuni ilitaka wake wa wafanyakazi wazalie hospitali, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu, mimi na mamvyala, tukisimama kila nilipokatwa na uchungu. Hospitalini masera, yule sista wa Kizungu, alinipokea vizuri, ila mamvyala alizuiwa mlangoni. Ndugu hawakuruhusiwa chumba cha kuzalia. Aligeuka akaondoka. Muda kidogo nikasikia makofi mawili mepesi chini ya dirisha langu. Alikuwa amezunguka jengo, amekaa chini kwenye changarawe.

Akaanza kutaja.

Alianza na wa zamani sana, baba wa babu zao, kisha wake zao. Jina moja, kimya, anangojea. Jina lingine, kimya. Masera akauliza yule mama anapiga kelele gani. Msaidizi wake, mwanamke wa kambi yetu aliyeijua vizuri desturi ile, akamjibu kwamba anasali, na masera akatikisa kichwa, akamwacha. Namshukuru yule msaidizi mpaka leo.

Asubuhi ikapita. Mtoto alikuwa ameshuka, wote wawili walisema hivyo, kichwa kiko pale, na hatoki. Nilisukuma mpaka nikaona nyota mchana. Nje mawingu yalikuwa yamejaa tangu saa sita, meusi, na hakuna tone. Mamvyala alifika kwa dada zake, kwa mume wake, kwa mtoto wake mmoja aliyekufa kwa surua. Hapo sauti ilimpungua kidogo, akangojea sana. Hakuna. Halafu nikamsikia anaanza tena kutoka mwanzo, na sasa sauti imekauka, maana kwa hesabu yake wafu wote walikuwa wameisha.

Masera aliweka kile chombo chake cha kusikilizia tumboni mwangu. Akakihamisha, akakihamisha tena. Sikujua Kifaransa chochote, lakini uso niliusoma. Msaidizi akaniinamia sikioni. "Mama, moyo ya mutoto inachoka. Kama kuko jina, useme."

Basi nikaliita. Niligeuza uso kuelekea dirishani nikaliita jina la shemeji yangu kwa nguvu zote zilizobaki, na nikaongeza, ili asije akadhani nimechanganyikiwa, "Mama, alikufwa. Alikufwa hapa, mu kambi. Utusamehe. Umuite."

Mtoto hakutoka.

Nataka mlielewe hilo, maana watu wakisimulia kisa changu wanasema nilitaja jina na mtoto akaja. Wapi. Nilitaja, na hakukuwa na kitu. Nje kulikuwa kimya, hata changarawe haikulia. Nilielewa kitu ambacho sikuwa nimekifikiria wakati wote ule: si mimi niliyekuwa mama yake. Hangekuja kwa sauti yangu. Ni yule mwanamke pale chini ambaye ilibidi aseme, na akilisema tu, mwanawe wa Rodezia amekwisha, pamoja na salamu zake zote na asali yake. Akikaa kimya, anaye bado. Nilijua angeweza kukaa kimya. Mimi ningekuwa yeye, sijui.

Sijui ilikuwa muda gani. Uchungu ulikuja ukaenda, ukaja ukaenda. Kisha nikamsikia. Hakupaza sauti kama alivyofanya kwa wengine. Aliliita lile jina polepole, kama unavyomwita mtoto wako aache kucheza aje kula. Mara moja.

Akatoka. Kamba ya kitovu imemzunguka shingoni, bluu, mvulana. Masera akamfungua, akampiga mgongoni, mtoto akalia. Na nje mamvyala naye akalia, kilio cha msiba, kirefu, watu wa wodi nyingine wakatoka kwenye baraza kutazama. Ndipo mvua ikaanza.

Mume wangu alifika baada ya kazi, amelowa, ana kikaratasi chake mkononi. Mamvyala alikuwa ameruhusiwa kuingia, amekaa na mtoto mapajani, anashikashika mguu wa kushoto. Ulikuwa mzima. Hakumtazama mwanawe. Alisema tu, "Musalimie yaya yako."

Mume wangu alipiga magoti sakafuni, mwanaume mzima mwenye mikono iliyoungua kwa shaba, akapiga makofi mbele ya mtoto wa saa tatu, akasema, "Yaya, unisamehe." Mtoto akapiga miayo. Mimi nililia, na nilidhani ni furaha tupu.

Nyumbani mamvyala alinyoa kichwa akakaa chini siku tatu, na majirani wakaja kumlilia mtu waliyemzika wenyewe bila kumjua. Siku ya nne aliishusha ile chupa, akachovya kidole, akampaka mtoto midomoni. "Njo yako," akamwambia, kwamba ni yake. Na siku ya kuondoka, kwenye gari la moshi, alizungumza na mume wangu kwa mara ya kwanza tangu hospitali. "Akianza kutembea, utamurudisha. Yee mwenyewe, na mikono yako."

"Ndiyo, Mama," akasema.

Nami nikaitikia, "Ndiyo, Mama." Nilidhani ni matembezi. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Mtoto aliishi. Alinyonya, akanenepa, akaota meno, akatembea bila kuburura. Mume wangu akaomba likizo. Njia nzima, treni na siku mbili za miguu, hakuniruhusu nimbebe hata mara moja. Kwenye ile njia panda mamvyala alikuwa amesimama anatungojea. Mume wangu akamshusha mtoto chini mbele yake. "Mama, nimemurudisha." Mtoto akamwendea yule mwanamke ambaye hakumkumbuka, moja kwa moja, na mimi nikaona jinsi alivyonyoosha mikono, nikajua. Nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo mkwe hasemi. Mume wangu alinishika mabega, na mamvyala akaniambia kwa upole, upole wa kweli, ndiyo maana sijaweza kumchukia: "Mwanangu, si wee mwenyewe uliniambia mutoto ni nani?"

Tulirudi Elisabethville wawili. Kitambaa cha kumbebea nilikitumia kufunga sufuria.

Nilizaa wengine wanne, wote wazima, na majina yao niliyadai mapema, ya marehemu waliokwisha kuliliwa vizuri. Nimekasirika mpaka leo. Nimemkasirikia mume wangu, na amekwisha kufa, na nilimlilia. Ukiniuliza kama ningekaa kimya siku ile, nakujibu hapana, ningeita tena, na mapema zaidi.

Yule tuliyemwacha kule alikuja mjini mara moja, mume wangu bado yu hai, naye akiwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi, amekuja kututembelea na kikapu cha samaki. Mrefu, ana uso wangu, wote pale kambini walisema. Alimsalimia kwanza mume wangu, akamwita "mudogo yangu", na mume wangu akainamisha kichwa. Kisha akanigeukia. Bibi yake alikuwa amemfundisha vizuri: akasimama mbali kidogo, macho chini, kwa ile heshima ya mtu na shemeji yake.

"Muke ya mudogo yangu," akasema, "muko bazima?"

Nikapiga magoti, nikapiga makofi, nikamwitikia inavyotakiwa.